Uzi wa Ndiva na Lango la Mississippi

Jumatatu, 3 Julai 2006

Baba amefika jana. Salama. Begi moja la nguo, begi moja la unga wa mahindi — kana kwamba Minnesota hawajui mahindi! Maharage wamemnyang'anya uwanja wa ndege. Amesamehe kwa mdomo tu.

Swali lake la kwanza, kabla hata sijamfunga mkanda wa gari: "Lango lako liko wapi?"

Lango langu. Haya. Nijieleze mwenyewe kwa mwenyewe, labda nitajisamehe.

Mwaka 2003, siku ya wageni, nilikwenda na wenzangu wa chuo kuona lango la meli pale mjini Minneapolis, kwenye maporomoko. Chumba kikubwa cha zege. Meli inaingia, milango inafungwa, maji yanapanda, meli inapanda nayo futi arobaini na tisa, inatokea juu. Wakatuazima kofia ngumu. Nikapigwa picha, mkono kwenye reli, uso wa mtu anayelipwa vizuri. Nyuma ya picha nikaandika: "Mimi na lango la Mto Mississippi." Nikaituma nyumbani. Baba akaelewa alivyotaka kuelewa. Akaitundika kwenye ofisi ya ndiva, bwawa la kumwagilia la kijiji chetu.

Sikumsahihisha. Niliona ni utani mdogo. Miaka mitatu sasa, Upare ya Kusini nzima inajua binti wa Mzee Zadock ndiye anayepandisha meli za Wamarekani. Binti mwenyewe anakaa kwenye ofisi hapa Eagan akichora mifereji ya maegesho ya magari. Mvua ikinyesha Maple Grove, maji yakaingia kwenye tundu badala ya kwenye duka la viatu — hiyo ni kazi yangu. Shahada ya uzamili hiyo!

Nimemwambia Baba niko likizo. Uongo wa pili ni rahisi kuliko wa kwanza, nimegundua.

Jumatano, 5 Julai

Kesho narudi "likizo", yaani kazini; Baba nimemwambia nina shughuli za mjini. Nimemkabidhi Baba kwa Nkirote, jirani wa mlango wa pili. Mmeru wa Kenya, nesi, anafanya zamu za usiku, mchana yuko huru. Leo amempeleka kuona lango, mimi nikajifanya kichwa kinaniuma.

Wamerudi saa kumi na moja jioni. Nkirote anacheka hadi machozi. "Wee Naja, huyu mzee wako ni moto! Nili-park tu, kabla nizime gari ashashuka. Amesimama hapo masaa manne. Nikamwambia mzee twende tukule, akaniambia wewe kula, mimi niko kazini."

Yuko kazini! Angalau mmoja wetu.

Baba amekula ugali wake, kisha akatoa hukumu. Hakuna pampu. Maji yanaingia kwa chini, yanajiinua yenyewe. Ile ni ndiva tu, amesema, ila wao wameweka meli badala ya mahindi. Wazo zuri, lakini eneo lote lile, meli moja kwa siku? Amehesabu: kwa masaa manne imepita tishari moja ya kokoto na kimashua cha wazee wawili wanaovua samaki. Milango ya tani na tani imefunguliwa kwa ajili ya wazee wawili na ndoo ya chambo.

Nikasema, Baba, hiyo ndiyo huduma kwa wananchi. Akasema, kwetu hao wangeambiwa wapite pembeni.

Kisha akatoa mfukoni uzi wa katani. Una mafundo sita. Akautundika kwenye msumari wa kalenda, karibu na friji, bila maelezo. Nikamuuliza ni nini. "Ufa," akasema.

Ijumaa, 7 Julai

Sasa najua habari za uzi. Natamani nisingeuliza.

Ndiva yetu ni bwawa la mawe juu ya kijiji. Usiku linajaa kutoka kijitoni, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka mashambani kwa zamu. Tundu la kutolea lilikuwa dogo, linazibwa kwa gogo, majani ya mgomba na udongo. Limefanya kazi tangu kabla ya Wajerumani. Baba ni mwenyekiti mwaka wa ishirini na mbili. Mwanamke hapandi ukuta wake. Mimi nimezaliwa chini yake, nimeyaoga maji yake, ukuta wenyewe nimeuona kwa mbali kama watu wanavyoona ikulu.

Halafu mwaka juzi Solomon, katibu wao, akanipigia simu. Wanataka kuweka lango la chuma kama la kwangu. La kwangu! Waliweke kwa vipimo gani? Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia mikate. Nikasema futi nne kwa tatu. Nikasema kwa sauti ya mhandisi. Wakabomoa ukuta wa mababu kwa kipimo hicho, wakafunga chuma, wakachinja mbuzi.

Sasa kona ya juu ya lango imepasuka. Ufa unapanda. Kila Jumapili Solomon anapima ufa umepanda vidole vingapi wiki hiyo, Baba anapiga fundo jipya kwa umbali huo huo. Chini ya ukuta kuna nyumba kumi na moja na shule ya msingi.

"Nimekuletea vipimo," Baba amesema. "Utaniambia."

Nikasema nitaangalia. Kisha nikaenda bafuni nikafungulia bomba ili asinisikie nikilia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua: ukikata tundu la pembe nne kwenye ukuta wa mawe, kona ndizo zinazopasuka. Sikuwaambia neno kuhusu kona. Nilikuwa nawaza mikate.

Baadaye: Sabato. Baba ni Msabato wa kutazama jua, si wa kutazama saa. Jua la hapa mwezi wa saba linazama saa tatu. Amekaa na Biblia dirishani, ananuna. Anasema nchi isiyojua jioni inaanza lini haiwezi kuwa na nidhamu.

Jumapili, 9 Julai

Solomon kwa simu: vidole vitatu. Fundo la saba.

Mchana Baba amenitaka twende wote langoni. Kichwa, nikasema. Akasema kichwa changu kinauma kwa ratiba, kama treni. Nikaenda.

Mtu mwenye dhambi hakosi kiherehere: nimevaa miwani ya jua na kofia ya besiboli. Tumesimama kwenye roshani ya wageni. Chini, chumba kitupu, kuta zimelowa, na kijani kinaota pale maji yanapofika. Upande wa pili ndiyo maporomoko maarufu, yaliyouzaa mji. Ukiyaangalia vizuri ni mteremko wa zege. Zamani watu walichimba handaki chini yake ili wapate nguvu zaidi ya viwanda. Mto ukapitia humo humo, nusura maporomoko yote yaondoke. Wakaja wahandisi wa jeshi, wakayafunika kama keki. Sasa tunapiga picha za "asili".

Nilikuwa namweleza Baba hayo, nikijisikia msomi. Mara mama mmoja mwenye sare akatokea, mwenye miaka hamsini na kitu, redio kiunoni. Anampungia Baba! "Zadock!" Baba naye: "Lois!" Kama wamesoma wote.

Ndiye anayebonyeza vitufe. Yaani, ndiye mimi.

Baba akasema kwa Kiingereza chake cha darasa la nane: "My daughter. Engineer." Mama Lois akanipa mkono, akasema amefurahi, amesikia mengi. Mengi gani? Hakusema. Nikasema nami nimefurahi. Nimeangalia viatu vyangu kwa muda mrefu. Ni viatu vizuri.

Alhamisi, 13 Julai

Baba sasa anakwenda kila siku. Nkirote anampeleka akitoka zamu, analala ndani ya gari, wanarudi. "Usijali dear, hapo ni poa, kuna upepo. Na mzee ananipea historia." Yeye anapewa historia mchana, mimi naletewa historia kwenye chakula cha jioni.

Ya leo: lango lilifunguliwa 1963. Walitaka mji huu uwe bandari. Ili meli zipite, ilibidi wakate lile daraja la zamani la reli, la mawe, lenye matao. Wakatoa matao mawili.

"Unajua waliweka nini pale walipotoa?" Baba ameniuliza, akitafuna polepole.

"Chuma, Baba."

"Chuma kikubwa. Nimekiona. Mama Lois anasema ukitoa jiwe lililokuwa linabeba, lazima uweke kitu kingine cha kubeba. La sivyo lililo juu linakuja." Akanywa maji. "Jambo dogo. Hata mimi nimelielewa."

Hakuniangalia. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alikuwa anauangalia uzi.

Na kulikuwa na kisiwa pale, chini ya maporomoko. Wenyeji wa kwanza wa hapa, Wadakota, walikiita cha roho. Kilichimbwa mawe, kikamegwa kidogo kidogo, na lango lilipojengwa kilichobaki kikaondolewa. Baba, mzee wa kanisa, asiyeamini mizimu wala kahawa, akatikisa kichwa. "Hawakuuliza mtu?" Sijui walimuuliza nani, Baba. Labda walipiga simu kwa mtu aliye kwenye foleni ya mikate.

Ijumaa, 14 Julai

Kazini. Bosi amesifu mchoro wangu wa maegesho ya kliniki. Amesema mimi ni makini sana na maji.

Nilicheka mpaka akauliza kama niko sawa.

Jumapili, 16 Julai

Solomon: vidole vitano.

Vitatu, kisha vitano. Nimeushusha uzi Baba alipokuwa anaoga. Mafundo ya chini yamekaribiana, kidole kimoja kimoja. Ya juu yameachana. Sikuhitaji kikokotoo. Mwendo unaongezeka.

Jibu ni moja: ndiva imwagwe. Yote. Kijito kigeuziwe pembeni, ukuta ukae mkavu hadi ujengwe upya. Hata nusu haifai, kwa sababu ufa unaanzia langoni, na lango liko chini kabisa ya ukuta. Na ikimwagwa leo, mahindi ya kiangazi yanakufa. Maharage yanakufa. Vitunguu vya Solomon, anavyojivunia kuliko watoto wake, vinakufa. Kaya sitini na mbili zitaniuliza: kwa nini? Nami nitawajibu: kwa sababu mhandisi wenu anachora maegesho.

Nikaamua: leo namwambia Baba. Nikakaa naye kwenye kochi. Nikasema, Baba, ile picha.

"Picha nzuri," akasema.

"Baba, mimi sifanyi kazi pale."

"Najua."

Najua! Tangu lini? Tangu siku ya kwanza, kumbe. Alimtuma Nkirote amuulize Mama Lois binti yake anafika zamu saa ngapi. Mama Lois akasema hajawahi kusikia jina hilo. Nkirote naye kanyamaza siku kumi na moja, msaliti mkubwa. Nimemgongea mlango. "Mzee alinishow nisiseme. Ni babako, Naja. Ningefanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya Baba. Nilikuwa na sentensi tatu za kuomba radhi, nimezipanga. Hakuna mahali pa kuziweka. Nikauliza: sasa kwa nini umekuwa ukienda kila siku?

"Nilikuwa najifunza kazi yako," akasema, "kwa kuwa wewe hukujifunza."

Nimestahili. Nimeandika ili nisisahau kwamba nimestahili.

Jumanne, 18 Julai

Baba hajakasirika. Afadhali angekasirika!

Jioni amenieleza. Yeye alishajua tangu mwezi wa tano kwamba lazima ndiva imwagwe. Mtu hakai na ukuta miaka ishirini na miwili asijue unasema nini. Aliwaambia. Wakamjibu kwa heshima zote: Mzee Zadock amechoka, Mzee anaogopa chuma, tumsikilize mhandisi kwenye picha. Mwanamke wa kwanza kusikilizwa kwenye ndiva ile, na hayupo, na ni picha. Ndiyo maana amepanda ndege akiwa na miaka sabini na moja na magoti yale. Hakuja kuuliza. Alikuja kuchukua sauti yangu.

Na amepata ushahidi. Mama Lois amemwambia kwamba hata wao, baridi ikikaza na mto ukiganda, huwa wanamwaga chumba chote, wanashuka chini na taa, wanatazama kuta.

"Nikamuuliza, na wenye meli wanafanyaje? Akasema wanasubiri." Baba amerudia mara mbili, kwa furaha. "Wanasubiri! Taifa zima hili linasubiri ukuta. Solomon na vitunguu vyake ni nani?"

Nikasema basi Jumapili nitawaambia, na nitawaambia yote. Kwamba vipimo vilikuwa vyangu na vilikuwa vibaya. Kwamba sijawahi kuwa mkuu wa lango lolote.

Akaweka kikombe chini. Akasema hapana. Niseme wamwage, basi. Nikisema mimi si mhandisi wa meli, watasema: aha, kumbe hajui, basi na hili la kumwaga hajui. Watabaki na maji yao, na ukuta, na shule chini yake. "Ulidanganya wakati hapakuwa na haja," amesema. "Sasa haja ipo, unataka kutubu."

Huyu ndiye mzee wa kanisa! Nimemkumbusha amri ya tisa. Akasema anaijua, ameifundisha, na nisimfundishe.

Ijumaa, 21 Julai

Sijalala vizuri. Leo nilipitia Minneapolis baada ya kazi, peke yangu, bila miwani. Mama Lois alikuwa anafunga geti la wageni. Nikamweleza, sijui kwa nini, mambo yote, nimesimama nje ya geti kama mtu anayeomba kazi. Picha. Uzi. Kona.

Alisikiliza. Akasema baba yangu ni mtu wa maswali mazuri. Kisha akaniambia kwamba kila kinachoharibika pale kinaandikwa kwenye daftari: nini, saa ngapi, na nani aliyekuwa zamu. Si kwa ajili ya kumfukuza mtu. Ni kwa sababu atakayekuja kurekebisha lazima ajue kilichofanyika, la sivyo atakirudia.

Atakirudia. Nimeendesha gari hadi Eagan na neno hilo. Ni kweli: wakimwaga ndiva kwa kuwa picha imesema, watajenga upya kwa kipimo cha picha. Futi nne kwa tatu. Kona nne mpya.

Nimefika nyumbani jua bado lipo. Baba dirishani, anasubiri Sabato ianze. Nikakaa naye. Alinisogezea Biblia nishike upande mmoja.

Jumapili, 23 Julai

Saa mbili na dakika kumi asubuhi hapa. Kule saa kumi na dakika kumi jioni. Naandika harufu ya chai ikiwa imejaa jikoni, na Baba yuko mbele yangu, ameziba mdomo wa simu kwa kiganja. Amewaambia nisubiriwe kidogo, napiga hesabu. Ndiyo hii hesabu.

Solomon amesema: vidole nane.

Nane! Baba amepiga fundo, akalirudia mara tatu ndipo likakaa. Kutoka hapo hadi juu ya ukuta, kasema Solomon, ni vidole kumi na viwili. Na leo usiku wataijaza ndiva kama kawaida, zamu ya kesho ni ya upande wa shule.

Jumapili ijayo hakuna ukuta. Hiyo ndiyo hesabu. Haikuhitaji shahada.

Wamekusanyika wote ofisini, simu imewekwa kwenye sauti ya juu chini ya picha yangu. Nawasikia wakikohoa. Wazee arobaini, Solomon kasema, na leo kina mama wamekuja pia, wamesimama nje dirishani kwa sababu wamesikia mhandisi ataongea.

Baba ananiangalia. Kwa mdomo bila sauti: *Wamwage. Basi.*

Nimemwonyesha ukurasa huu, nilipoandika juu ya daftari la Mama Lois. Amesoma polepole, midomo ikicheza. Amevua miwani. Amesema ikiwa nitaungama na hawataniamini, watu watakufa na itakuwa juu yangu. Nikasema najua. Nikasema ikiwa wataniamini, na wakajenga tena vile vile, watakufa baadaye, na itakuwa juu yangu vilevile. Akasema baadaye si leo.

Ana haki. Nami nina haki. Chai imepoa.

Solomon: "Mhandisi, tunakusikiliza."

Baba ameinua kiganja kwenye simu. Hakunipa. Ameiweka mezani tu, katikati, juu ya uzi.

Nimeichukua kwa mkono wa kushoto, kalamu bado iko kulia. Nimesema shikamooni. Wameitikia marahaba kwa pamoja. Nimesema imwageni ndiva leo, kabla ya giza, yote, na watoto wasiende shule kesho. Kelele! Solomon anataja vitunguu. Mmoja anasema mhandisi amesema, mwacheni. Ni sauti ya mwanamke, kutoka dirishani.

Baba amefumba macho. Anatikisa kichwa kwamba inatosha, nikate.

Nimesema: "Wazee wangu, kina mama, msikate simu. Kuhusu lile lango —"

Baba amefumbua macho.